Wauza waksi wa Kampala mnatuchuna ngozi halafu mnatuambia tuvumilie!!

Salaam wadau, leo nina hasira na sitapunguza maneno. Hawa wanaouza waksi ya kung'oa nywele za mwilini kwenye akedi (yale majengo ya maduka) za daunitauni na hawa wa laivu za kwenye simu wanatuumiza makusudi. Unauliza "hii inauma?" unajibiwa "haiumi kabisa nyabo (dada), kama kubandua plasta", unalipa shilingi elfu thelathini, ukifika nyumbani kopo lina maandishi ya Kichina matupu, hakuna hata picha ya kuonyesha unapaka upande gani unavuta upande gani. Ukirudi kulalamika eti vumilia, urembo ni maumivu. Nani kawaambia?

Binti wa shangazi yangu tunakaa naye hapa Old Kampala, alitaka kujisafisha kabla ya Idi. Kapaka kwapani, kavuta mara moja, ngozi ikatoka. Yaani kwenye kile kitambaa kulikuwa na nywele na kipande cha ngozi laini kimeshikamana nazo, na kwapa pekundu linatoa majimaji, usiku mzima mtoto kalala kainua mkono kichwani hawezi kuushusha. Kisa nini? Alikuwa anapaka krimu ya kung'arisha mwili. Krimu hizi nyingi zina steroidi kali, klobetasoli na ndugu zake, ukizipaka kila siku ngozi inakuwa nyembamba, waksi ikishika haichagui nywele na ngozi. Dawa za chunusi zenye retinoidi ni hivyo hivyo, na aliyemeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini anaambiwa asiguse waksi mpaka ipite miezi 6 tangu aache. Sasa kinachonichoma roho ni hiki: krimu na waksi alizinunua duka moja, kwa mtu mmoja, SHELFU MOJA! Huyo muuzaji alishindwa nini kumuuliza "unapaka nini mwilini?" Swali moja tu banange.

Tena alipolia maumivu yule yule muuzaji akamshauri next time anunue krimu ya ganzi, apake nyingi halafu afunge na kaveera (mfuko wa plastiki) ishike vizuri. Hapo ndipo nilipotetemeka. Ganzi ya lidokeini ukiipaka eneo kubwa na kuifunga na plastiki inaingia kwenye damu, inaweza kuvuruga moyo na kuleta degedege. Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa, walitoa onyo 2007 baada ya wasichana wawili kufa, walipaka krimu za ganzi kabla ya kwenda kuondolewa nywele kwa leza, wakajifunga na plastiki. Wamekufa kwa sababu ya nywele za miguu! Na huku mtu anaishauri kama anauza nyanya. Ukitaka kupunguza maumivu meza panado au ibuprofeni nusu saa kabla, kama tumbo lako na figo zako ziko sawa, basi.

Na mambo yanayopunguza maumivu kweli ni ya bure, ndiyo maana hawayasemi. Nimeyapata kwa mama mmoja Msudani jirani yetu, anatengeneza halawa, yaani waksi ya sukari, jikoni kwake: sukari vikombe 2, maji robo kikombe, maji ya limao robo kikombe, moto mdogo, unakoroga mpaka rangi iwe ya asali, unaacha ipoe mpaka vuguvugu unaweza kuifinyanga kwa vidole. Usiiguse ikiwa moto, sukari iliyochemka inaunguza vibaya kuliko maji. Ile halawa ya kufinyanga inapakwa KINYUME na nywele zinavyoota, inavutwa KUFUATA zinavyoota. Waksi ya kitambaa ni kinyume chake, unapaka kufuata, unavuta kinyume. Ukichanganya hapo nywele zinakatikia njiani, na nywele zetu zimejikunja, zikirudi kuota zinaingia ndani ya ngozi, ndiyo hivyo vipele vyeusi mnavyoficha na pauda.

Halafu yule mama haanzi kabla hajaangalia urefu. Nywele ziwe kama nusu sentimita, fupi zaidi haishiki unarudia rudia pale pale, ndefu sana inavuta vibaya, punguza na mkasi. Ngozi iwe kavu, pauda kidogo tu. Mkono mmoja unabana ngozi ivutike, mwingine unavuta haraka sambamba na ngozi, SIO kuelekea juu dari. Kwapani nywele zinaota pande tatu nne, kwa hiyo vipande vidogo vidogo, mkono juu kabisa. Ukishavuta bonyeza kiganja pale pale. Siku za karibu na hedhi wengi tunaumia zaidi, ahirisha. Baadaye kitambaa cha maji baridi, na siku hiyo hakuna deodoranti wala jinzi za kubana, hasa kwa joto hili na kubanana kwenye teksi.

Kuna watakaosema rudini kwenye wembe. Sawa, ila uwe mpya, wako peke yako (kushirikiana wembe ni kuambukizana HIV na hepatitisi B), povu la sabuni, fuata nywele zinavyolala. Na zile krimu za kuyeyusha nywele zinazonuka yai bovu, jaribu sehemu ndogo usubiri siku nzima kwanza, na zikizidi dakika zilizoandikwa zinaunguza.

Sisi Waislamu tumefundishwa madrasa nywele hizi zisikae zaidi ya siku 40 bila kuondolewa, kwa hiyo hili si anasa, ni kitu tunafanya maisha yetu yote, wasichana wanaanza wakiwa shule. Kwa nini kila mmoja aanze kwa kuungua?

Wanaotengeneza halawa nzuri pande za Bombo au Entebbe wekeni hapa bei, nina watu wanauliza. Na wewe muuzaji, najua humu unasoma, binti ameenda kliniki kwa pesa yake. Elfu thelathini yake irudi, na hizo krimu uzitoe kwenye hiyo shelfu.