Wauza baiskeli za mtumba Dar, "namba 26" si saizi moja! Acheni kuumiza wageni wa jiji

Spoku36 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naingia moja kwa moja. Ukimuuliza muuza baiskeli za mtumba hapa Dar saizi ya tairi, atakujibu "namba 26", basi. Mgeni wa jiji analipa na kuondoka. Siku tairi la nyuma linapopasuka anaenda duka la spea, anaomba 26, anapewa 26, anafika kwa fundi na halipandi. Akirudi dukani anaambiwa kitu kikishatoka hakirudi. Huu ni wizi wa mchana, maana muuzaji anajua fika kwamba kuna 26 za aina mbili, na bado ananyamaza.

Tuwekane sawa. Zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele na fremu iliyoshuka katikati zinavaa tairi la 26 x 1 3/8. Za milimani zinavaa 26 x 1.95 au 26 x 2.10. Mdomoni zote ni "26". Sasa inama usome ubavu wa tairi. Kuna namba nyingine ndogo ya milimita: kwenye la Kijapani imeandikwa 37-590, kwenye la milimani 50-559. Sehemu ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Toa 559 kwenye 590 unapata milimita 31. Tairi la 559 halitapanda ringi ya 590 hata mkilivuta watatu kwa bisibisi, mtachana ukingo tu. Na la 590 ukilivika ringi ya 559 linapwaya, upepo ukijaa linachomoka na tyubu inapasuka.

Inchi ni jina la zamani la kipenyo cha nje cha tairi likiwa na upepo. Ringi haimo kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana tairi linaloitwa 27.5 lina ringi ya 584, ndogo kuliko 26 ya Kijapani! Nani asiyejua angedhani hivyo? Na 24 ziko hivyohivyo: 24 x 1 3/8 ni 540, 24 x 1.75 ni 507.

Kwenye 28 ndiko wanakoumia watu wanaohamia kutoka Tabora au Shinyanga, kwa sababu huko 28 ni ile ya baiskeli za chuma za Phoenix na ndugu zake, yaani 28 x 1 1/2, milimita 635. Hapa Dar anakuta baiskeli nzuri ya mtumba kutoka Ulaya, ubavuni imeandikwa 28, anajua hii ndiyo yangu. Nyingi ya hizo za Ulaya ni 622. Tofauti ni milimita 13, ndogo kwa macho, lakini tairi la 635 linapwaya kwenye ringi ya 622. Hiyo 622 ndiyo ileile ya 700C, jina la tairi za baiskeli za mbio, na ndiyo ya baiskeli za milimani za 29. Kwa hiyo majina matatu yana ringi moja, na jina moja lina ringi mbili.

Ninachodai ni kitu kimoja: muuzaji ataje namba ya milimita na aiandike kwenye risiti. Kama maandishi yamefutika ubavuni, achukue futi kamba apime ringi yenyewe, ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Ya 559 itakaribia sentimita 57, ya 590 itakaribia 60. Kazi ya nusu dakika.

La pili ni rangi mpya. Baiskeli ya mtumba iliyopigwa rangi mbichi nzima, hadi kwenye nati, inaficha kitu. Pitisha kidole chini ya shingo, pale mabomba mawili ya fremu yanapokutana na bomba la usukani, na nyuma pale ekseli inapoingia. Ukigusa uvimbe au mkunjo, fremu iligonga au ilichomelewa. Beba sumaku mfukoni. Isiponasa, fremu ni ya alumini, na alumini iliyopasuka haichomelewi na fundi wa mageti kwa mashine ya vijiti. Hiyo iache hapohapo hata wakikupa bei ya kutupa.

Kisha mwambie alegeze nati ya siti, ujaribu kuizungusha na kuivuta juu. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, bomba la siti lililokaa muda mrefu bila grisi linashikana na fremu kwa kutu, na ukiwa mrefu hutaweza kuipandisha tena. Nyanyua nyuma, zungusha gurudumu, tazama nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Ringi ikiyumba milimita moja au mbili inanyooshwa kwa spoku. Ikiyumba kama sentimita nzima, au inaruka juu na chini, hesabu ringi mpya kwenye bei. Shika gurudumu kwa juu ulisukume kushoto na kulia: likicheza, koni (zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli) zimelegea au zimeliwa.

Cheni ipime kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24. Kwenye cheni isiyochakaa pini ya 24 inaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni imekwisha. Ikizidi kwa 1/8, imeshakula na meno ya friwili (gia ya gurudumu la nyuma), na hapo ukifunga cheni mpya peke yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Wauzaji wanafunga cheni mpya inayong'aa juu ya meno yaliyochongoka kama ya papa, halafu wanakwambia "imefanyiwa sevisi". Muuzaji asiyekubali uipande uzunguke nayo mtaa mmoja, usimpe hela.

Sasa mafundi Maiko. Baiskeli nyingi za Kijapani zina breki ya bendi nyuma, ngoma ya chuma iliyozungukwa na mkanda ndani ya kopo. Ikipiga kelele, fundi wa kubahatisha anaidondoshea oili. Kelele inaisha, na breki inaisha nayo. Mkanda ukishanyonya oili haupangusiki ukarudi kama zamani, unabadilishwa. Mtu anashuka mteremko wa Kimara na breki ya mbele peke yake kwa sababu ya tone la oili. Hili linaniudhi kuliko yote.

Wenye mifano mingine waweke hapa, mgeni asome kabla hajatoa hela.

---

Kaza_Nati

Mkuu umegusa penyewe. Ongeza pedeli. Pedeli ya kulia inakazwa kama nati ya kawaida. Ya kushoto ina thredi ya kinyume: kukaza unazungusha kinyume cha saa, kulegeza unazungusha kama saa. Kwenye ncha ya ekseli ya pedeli kuna herufi, R ni kulia, L ni kushoto. Fundi anachukua spana malaya, anaikaza ya kushoto kama ya kulia, anaona ngumu, anapachika bomba kwenye spana aongeze nguvu. Kama mkono wa pedeli ni wa alumini, thredi imekufa palepale. Siku tatu pedeli inadondoka barabarani, na fundi anasema "pedeli hizi feki". Pedeli haina kosa! Ni spana ya 15, tone la grisi kwenye thredi, anza kwa vidole mizunguko mitatu au minne, ndipo uguse spana. Kama vidole haviizungushi, imeingia upande, itoe uanze upya.

Na bomba la kati, pale ekseli ya mikono ya pedeli inapozungukia, kwenye baiskeli nyingi lina mchezo huohuo, ila kikombe cha kinyume ni cha upande wa cheni. Wengi wanakilazimisha kwa patasi na nyundo.

---

Mwana Isevya

Naunga mkono, ila msiseme mpya ni salama. Baiskeli mpya za chuma za 28 zinakuja zimefungwa harakaharaka, hazifai kupandwa kabla ya kukazwa upya. Tatizo kubwa ni kotapini, zile pini zinazofunga mikono ya pedeli kwenye ekseli. Mbili hizo huingia kwa kupingana. Njia ya kuhakikisha: elekeza mkono wa kulia mbele, tazama nati ya kotapini iko juu au chini. Zungusha, elekeza wa kushoto mbele, nati yake lazima ikae vilevile. Zikiwa tofauti, mikono haitanyooka, na goti litauma.

Halafu kotapini inagongwa kwanza ikatulia, ndipo nati inakazwa. Nati kazi yake ni kuishikilia, haina nguvu ya kuivuta. Na chini ya mkono wa pedeli weka kipande cha bomba la chuma kinachofika ardhini, nyundo iishie huko. Bila hivyo kila pigo linakwenda kwenye gololi na vikombe vya kati, vinatoboka vishimo. Endesha siku moja, gonga tena, kaza tena.

---

Gololi za Robo

Niko upande wa mafundi, na nina haki ya kukasirika pia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mteja analeta habu (kitovu cha gurudumu) inayokwaruza, anaambiwa gololi mpya na grisi, anajibu "wewe paka oili tu, niwahi". Oili chafu ya gari ni nyepesi, ina unga wa chuma, inavuja nje na kunasa mchanga. Baada ya hapo lawama ni za fundi.

Kazi kamili ni hii. Habu ya nyuma gololi 9 kila upande, za robo inchi. Ya mbele 10 kila upande, za 3/16. Ya kati 11 kila upande kama hazina kishikio, za robo inchi. Ukitoa, badilisha zote. Kuchanganya za zamani na mpya maana yake mpya ni kubwa kidogo, zinabeba mzigo peke yake na kupasuka. Kikombe kikiwa na vishimo, au koni ikiwa na mfereji wa mkwaruzo, gololi mpya hazisaidii. Koni unaikaza kwa vidole hadi iguse, unairudisha kidogo, unafunga nati ya kuilinda huku koni umeishika kwa spana nyembamba. Wengi hawana spana nyembamba, nati ikikazwa koni inazunguka nayo, habu inabana, koni zinaliwa ndani ya mwezi. Mteja asiyetaka kulipia hayo asidai kazi hiyo.

---

Spoku36 (mleta uzi)

Gololi za Robo, nakubali kwenye grisi, na mteja wa "niwahi" ana kosa lake. Ila nyundo na kunyamazia saizi sikubali. Na mteja adai vitu vilivyotolewa: gololi za zamani, koni, mkanda wa breki, vyote viwekwe kwenye kitambaa avione. Fundi aliyebadilisha kweli hatakataa.

Nimalizie na moja linalowaliza wengi wenye za Kijapani. Tyubu inakosa upepo ikilala, ukiizamisha kwenye maji haionyeshi tundu popote. Fundi anabandika kiraka cha kubahatisha, au anakuuzia tyubu nzima. Kwenye mdomo wa tyubu hizo kuna vali yenye kampira kembamba kama mrija, kamevikwa kwenye kisindano cha chuma. Kampira hako kanachoka kwa joto na kupasuka. Jaza upepo, paka mate kwenye mdomo wa vali, ukiona povu, tatizo ni hapo. Fungua kinati cha juu, chomoa kisindano, vua kampira, vika kingine ukikilowesha kwa maji, rudisha. Hakuna tairi la kufungua, hakuna solusheni, hakuna msasa. Anayekutoza hela ya pancha kwa kazi hiyo anakuibia, mwambie hivyo usoni.