Matangazo ya moja kwa moja yanakwamakwama, ilhali filamu zinacheza vizuri

Mtazamaji:
Ndugu zangu, naomba msaada. Kompyuta yangu ya sebuleni ina tyuna ya USB, yaani kifaa cha kunasa chaneli, inayopokea mawimbi ya DVB-T2 (televisheni ya kidijitali ya antena). Seva, yaani programu inayochukua chaneli kutoka kwenye tyuna na kuzirekodi, ni Tvheadend, na ninatazama kwa Kodi, programu ya kuchezea video. Filamu zilizo kwenye diski zinacheza bila tatizo, lakini nikifungua chaneli, maandishi yanayopita chini ya skrini wakati wa taarifa ya habari hurukaruka, na mara nyingine picha huvunjika vipande vya mraba huku sauti ikikatika. Nimeongeza RAM bila kuona nafuu. Nianzie wapi?

Fundi Mawimbi:
Pole, ndugu. Usinunue kitu kingine kwanza, kwani dalili hizo huenda zina vyanzo viwili tofauti. Rekodi kipindi kimoja, kisha kitazame mara mbili ukiandika dakika na sekunde ambapo kasoro inajitokeza. Ikijitokeza palepale kila mara, data iliharibika kabla ya kufika kwenye diski, yaani tatizo liko kwenye antena, kebo au tyuna. Ikihamahama, rekodi ni nzima na tatizo liko kwenye uchezaji. Tazama pia ukurasa wa hali wa Tvheadend. Matangazo husafirishwa kwa pakiti za baiti 188 zenye namba za mfuatano kuanzia 0 hadi 15, na namba ikirukwa, seva huhesabu kosa. Hesabu hiyo ikipanda kila picha inapovunjika, hakuna mpangilio wa Kodi utakaokufaa.

Msomaji wa Skrini:
Kuhusu maandishi, kagua hezi za skrini, yaani mara ambazo skrini huonyesha picha upya kwa sekunde. Ikiwa chaneli zenu hurushwa kwa nusu-picha 50 kwa sekunde (kila moja ina nusu ya mistari ya picha kamili) na skrini iko kwenye hezi 60, kompyuta hulazimika kurudia picha 10 kila sekunde, na jicho huligundua hilo upesi kwenye kitu kinachosogea kwa mwendo mmoja. Washa chaguo la Kodi linalolinganisha hezi za skrini na video. Hakikisha pia kwamba nusu-picha zinageuzwa kuwa picha kamili 50, si 25, la sivyo hata mpira utaonekana ukiruka hatua.

Mtazamaji:
Ahsanteni sana. Kwa hezi 50 maandishi yanateleza vizuri. Ila vipande vya mraba vimejirudia palepale kwenye rekodi, na makosa yanapanda. Je, niweke kikuza mawimbi chenye nguvu zaidi?

Fundi Mawimbi:
Hapana, bado. Mawimbi yakizidi nguvu, tyuna huelemewa na picha huvunjika vilevile kama yanapokuwa hafifu. Kama tayari una kikuza mawimbi au kigawanya mawimbi, viondoe kwa muda, uchomeke kebo ya antena moja kwa moja kwenye tyuna, kisha usome hesabu ya makosa upya. Ikitulia, rudisha kifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Isipotulia, badilisha kebo, na uzime mpangilio unaopunguza umeme kwenye milango ya USB.