Tupeane uzoefu: Kentucky Derby ipi ilikufundisha kusoma farasi? (tukielekea ya 2025)

Wakuu habari zenu. Mageti ya kuanzia mbio yameshagawiwa, Jumamosi tarehe 3 Mei farasi 20 wanaingia uwanja wa Churchill Downs pale Louisville, Marekani, maili moja na robo, umbali ambao karibu wote hawajawahi kuukimbia maishani mwao. Ndo maana hii mbio inanisumbua akili kila mwaka. Naomba leo tusirushiane majina ya farasi tu, kila mtu aeleze mwaka ambao mkeka wake ulichanika au ulitiki na alijifunza nini, alafu atuambie hilo somo linamwonyesha nani safari hii.

Naanza mimi. Mwaka wangu ni 2022. Nilikua na Epicenter, na mpaka leo naamini sikumchagua vibaya, farasi alikua na fomu nzuri, anajua kukaa nyuma ya wanaoongoza na kusubiri. Kosa langu ni kwamba nilisoma farasi mmoja mmoja, huyu ana spidi, huyu ana pumzi, huyu baba yake nani, nikasahau kujiuliza mbio yenyewe itakimbiwaje. Siku ile robo maili ya kwanza ilipita kwa sekunde 21.78, nusu maili 45.36, yaani wale wa mbele walikimbia kama mbio inaishia katikati ya uwanja. Summer Is Tomorrow aliyekua anaongoza akamaliza wa 20, wa mwisho kabisa. Epicenter akachukua uongozi kwenye mnyoofu wa mwisho, nimeshasimama napiga kelele, mara ndani kule kwenye reli (uzio wa ndani) anatokea Rich Strike, 80 kwa 1 (dola 1 inaleta faida ya dola 80), farasi aliyeingia kwenye listi Ijumaa, siku moja kabla, baada ya mwingine kuondolewa. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 163.60. Niliangalia marudio zaidi ya mara kumi, na kila nikiangalia naona Rich Strike haongezi spidi kihivyo, ni wenzake wanaokufa.

Toka siku hiyo kitu cha kwanza nachukua karatasi naandika ni nani LAZIMA aende mbele. Mwaka huu Citizen Bull yupo geti namba 1, akichelewa kutoka atafunikwa na wote kwa hiyo hana namna, lazima achomoke. Rodriguez geti namba 4 alishinda mbio ya maandalizi ya Wood Memorial kwa kuongoza mwanzo mwisho. Weka na East Avenue, weka na Owen Almighty kule namba 20 ambae akitaka kuingia ndani itabidi akimbie kwelikweli. Mi naona moto pale mbele. Kwa hiyo macho yangu yapo kwa wanaotokea nyuma, Sovereignty na Sandman. Karibuni.

#2
Mkuu umenigusa maana mimi wangu ni 2024, Fierceness. Ukiangalia kitabu cha matokeo yake ilikua wazi kabisa na nilikataa kuiona. Alishinda mbio yake ya kwanza, ya pili akavurunda, akaja kushinda Breeders' Cup Juvenile, akavurunda tena kwenye Holy Bull, alafu akashinda Florida Derby kwa urefu wa farasi 13 na nusu. Unaona mpangilio? Juu chini juu chini juu. Sasa mtu mwenye akili timamu angejiuliza inayofuata ni nini. Mimi ile 13 na nusu ilinipofusha, nikaweka dau kubwa kuliko siku zote, akamaliza wa 15.

Somo nililopata ni kwamba mbio moja kubwa mno ya kushangaza haiwi ahadi, inaweza kua imemmaliza farasi nguvu zote. Napenda farasi anaepanda ngazi taratibu. Ndo maana mwaka huu mimi na Journalism, 3 kwa 1 kwenye odi za asubuhi (makadirio ya uwanja kabla watu hawajabeti). Mbio yake ya kwanza alikua wa tatu, baada ya hapo ameshinda nne mfululizo, na ile Santa Anita Derby alibanwa njiani akajinasua na bado akashinda. Farasi anaeweza kubanwa asivunjike moyo huyo ndo wa Churchill Downs.

#3
@2 hapo kwenye kubanwa nakupinga kidogo ndugu yangu. Santa Anita Derby ilikua na farasi watano. WATANO. Kubanwa na wanne na kubanwa na 19 ni vitu viwili tofauti, mchanga unaokurukia usoni sio ule. Kwa odi 3 kwa 1 unamlipia farasi kana kwamba ameshajibu hilo swali, na hajajibu. Sisemi hawezi kushinda, nasema bei yake ni ghali. Na kuanzia 2019 mpaka sasa hakuna farasi anaepewa nafasi kubwa kuliko wote aliyeshinda Derby. Kabla ya hapo walishinda miaka sita mfululizo, toka Orb 2013 mpaka Justify 2018. Kwa hiyo siwezi kusema ni sheria ila naona kitu kimebadilika.

#4
Geti namba 17 jamani. Toka mageti yaanze kutumika kwenye Derby mwaka 1930 hakuna hata mmoja aliyeshinda akitokea pale. Sandman kapewa hilo. Mi nilimpenda sana kwenye Arkansas Derby nikajikuta nimekaa kimya.

#5
Mimi nimewahi kufanya kazi ya kutunza farasi wa mbio, kuwaogesha, kuwatembeza asubuhi, kuwafunga miguu, kwa hiyo nasoma tofauti na nyie. Namba za spidi naziheshimu lakini naweka uamuzi wangu mpaka nimwone farasi padoki, pale anapozungushwa kabla hajavalishwa tandiko na baada.

Derby sio siku ya kawaida kwa mnyama. Farasi wa miaka mitatu ni kijana, amezoea watu elfu kumi, leo anapitishwa mbele ya watu laki na nusu (2015 walifika 170,513), muziki, kofia, kelele. Kuna farasi anaishiwa nguvu palepale kabla hata ya kuingia getini. Angalia jasho. Jasho la shingoni siku ya joto ni kawaida, lakini ukiona povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, huyo roho inamwenda mbio. Angalia masikio, yakienda mbele na nyuma anasikiliza, yakilala kabisa ana hasira au anaumwa. Angalia kama anang'ata lijamu na kumvuta anaemwongoza, huyo atapigana na joki wake (mpanda farasi) nusu maili nzima na pumzi itaishia hapo.

Mwaka mmoja, sio Derby, farasi niliyemtunza mwenyewe kwa mikono yangu alitoka padoki amelowa kama ametoka mtoni. Nilijua. Niliwaambia wenzangu leo hatakimbia, wakasema wewe namba zake umeziona? Akamaliza nyuma kabisa na mimi nililia, maana nilikua najua alivyokua anateseka na hakuna aliyenisikiliza. Toka hapo siweki hela mpaka nimeona. Kwa mwaka huu kwa hiyo sina jina la kuwapa, samahanini, nitalijua Jumamosi.

#6
@5 ubarikiwe dada/kaka, hii sijawahi kusoma popote. Povu la miguu ya nyuma nimeandika.

#7
Wangu 2023. Kuna mtu alikua anauza tipsi, sitamtaja, alituambia farasi Forte hawezi kukosa tatu bora, tulipe tupewe mpangilio wote wa trifekta (kutabiri watatu wa kwanza kwa mpangilio). Nililipa. Asubuhi ya mbio yenyewe Forte akaondolewa kwa sababu ya mguu, madaktari wa wanyama wakasema hakimbii. Hela ya dau ikarudi, hilo halikua tatizo, tatizo ni kwamba nilikua sina mawazo yangu mwenyewe hata kidogo. Nikabaki na saa chache, natetemeka, nikaitupa yote kwa Angel of Empire kwa sababu tu ndo aliyekua anaongoza kwa kupendwa baada ya Forte kutoka. Akawa wa tatu na mimi nilikua nimembetia ashinde. Mage akashinda kwa 15 kwa 1, na Mage alishakimbia na Forte kwenye Florida Derby akawa wa pili, alikua mbele hadi hatua za mwisho! Kama ningesoma mwenyewe ningemwona, alikua pale pale chini ya pua yangu.

Sasa hivi nachagua wanne, napanga wa kwanza hadi wa nne, na kila mmoja naandika kwa nini. Akitoka mmoja nashuka chini sibabaiki. Mwaka huu: Journalism, Sovereignty, Burnham Square, na yule Baeza aliyekua wa pili kwa Journalism kama atapata nafasi, maana yupo nje ya 20 anasubiri mtu aondolewe.

#8 (mleta mada)
@7 Rich Strike na yeye alisubiri hivyohivyo. Baeza nampenda, aliyemkaribia Journalism ni yeye. @3 nakubaliana na wewe kwenye bei, watu wengi wanasahau kwamba hapa hela zinaingia kapu moja, uwanja unakata chake, kinachobaki wanagawana waliopatia, kwa hiyo tunabeti dhidi ya watu wenzetu na sio dhidi ya farasi. Ukiwa na farasi mzuri ambae kila mtu kamwona hakuna cha kugawana.

Na kuna mwenzetu amenitumia ujumbe pembeni ameniomba niseme kwa niaba yake, mwaka mmoja aliweka hela ya kodi ya nyumba kwenye eksakta (kutabiri wa kwanza na wa pili kwa mpangilio), na alikua na uhakika kabisa. Hakutaka kuandika mwenyewe. Ameomba yeyote anaesoma hapa atenge hela ya mbio kabla ya wiki ya mbio na asiiongeze siku yenyewe hata aone nini. Nimemwahidi nitaweka.

#9
Kwangu mimi ni reli ya ndani. 2009 Calvin Borel na Mine That Bird, 50 kwa 1, uwanja umejaa tope, walikua wa mwisho kabisa mbali na wenzao, alafu joki akamshusha ndani akapita kwenye upenyo mdogo kama anaingia chumbani kwake. Wakati ule nilisema bahati. 2024 Mystik Dan kutoka geti namba 3, Brian Hernandez akakaa ndani muda wote, kwenye kona ya mwisho upenyo ukafunguka akapita, wakati Sierra Leone na Forever Young wanakuja kwa nje wanagongana mabega. Alishinda kwa pua, yaani tofauti ya pua tu ya farasi! Piga hesabu mwenyewe, wale wa nje walikimbia njia ndefu zaidi na tofauti mwisho wa siku ni pua. Sio bahati tena hiyo.

Kwa hiyo mleta mada, Sovereignty wako geti namba 18 ndo wasiwasi wangu. Lakini nikijibu mwenyewe, farasi anaetokea nyuma geti halimuumizi sana, anaweza kuacha wenzake watangulie akashuka ndani taratibu kabla ya kona ya kwanza. Na huyu anaujua uwanja, alishinda mbio ya Street Sense pale pale Churchill Downs mwaka jana akitokea nyuma. Pale Florida Derby alikua wa pili lakini joki wake Junior Alvarado alikua ameumia, akapandwa na mwingine. Sasa Alvarado amerudi. Sijui kwa nini watu hawalizungumzii hili. Swali linabaki moja tu, Alvarado atashuka ndani au atazunguka nje.

#10
Na tope? Justify 2018 alishinda kwenye maji, Country House 2019 uwanja ulikua umelowa (japo yeye alipewa baada ya Maximum Security kunyang'anywa kwa kuwazibia wenzake njia). Mi kabla ya kuweka chochote naangalia nani ameshakimbia kwenye tope na akalipenda, farasi wengine wakirushiwa tope usoni wanagoma kabisa.

#11
Naomba niulize kitu wakuu, mimi mgeni kwenye hii. Publisher hajashinda mbio hata moja maishani mwake alafu yupo Derby, inakuaje?

#12
@11 karibu sana. Kuingia ni kwa pointi za mbio za maandalizi, na ukiwa wa pili au wa tatu kwenye kubwa unapata pointi vilevile, kwa hiyo inawezekana kabisa kuingia bila ushindi. Wa mwisho kushinda Derby akiwa hajawahi kushinda popote ni Brokers Tip mwaka 1933. Mi Publisher simweki wa kwanza ila wa nne kwenye tiketi ya chini namweka, anajua kufika.

#13 (mleta mada)
Nimesoma vyote usiku huu na nimefuta karatasi yangu nikaanza upya. Sandman namtoa kwenye nafasi ya kwanza, sio kwa sababu ya 17 peke yake, ni kwa sababu nikiangalia vizuri anahitaji mwendo wa mbele uvunjike kabisa ndo afike, akikosa hilo hana kingine. Sovereignty akikosa bado ana mguu wa kupigana. Journalism namwacha kwenye eksakta chini yake, @2 umenishawishi nusu. Rodriguez namwangalia mpaka Ijumaa, akiondolewa mwendo wa mbele unapungua na hesabu yote hii inabadilika.

@5 Jumamosi ukiwaona padoki tafadhali andika hapa hata mstari mmoja. Sitaweka chochote mpaka uandike.

#14 (yule wa #5)
Nitaandika. Nitaanza na namba 8 (Journalism) na 18 (Sovereignty).