Mjadala: Sembène alikosea kuacha kalamu akashika kamera?

Baba wa Kisauni: Jamani nawaomba tujadili kwa moyo safi. Binti yangu yuasomea filamu chuoni na yuaandika hadithi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Juzi ami yake kamwambia achague moja, mshika mbili moja humponyoka. Mtoto kalia. Mimi nikamtaja Ousmane Sembène wa Senegali, alikuwa kuli bandarini Marseille, 1956 katoa riwaya kwa Kifaransa, halafu akiwa karibu na miaka arubaini kaenda Moscow kujifunza filamu kwa sababu watu wa kwao hawakuweza kusoma vitabu vyake. 1968 katoa filamu ya Mandabi kwa Kiwolofu, lugha ya kwao. Sasa, alipoteza au aliongeza?

Msomaji wa Tudor: Alipoteza. Ile riwaya yake ya 1960 kuhusu mgomo wa reli ya Dakar-Niger ni mlima, na filamu zake zote hazifiki pale. Hata hiyo Mandabi pesa nyingine zilitoka Ufaransa wakamlazimisha apige na ya Kifaransa pia, kila kitu mara mbili. Kitabu hakiombi pesa kwa mtu. Binti aandike, tena aandike Kiingereza, maana Kiswahili chetu cha Mombasa ni cha barazani tu, hakina vitabu.

Mzawa wa Kuze: Ati hakina nini??

Mzawa wa Kuze: Mambo ya Senegali yaweke kando kwanza. Muyaka, mshairi wetu wa zamani, alitunga wapi, Nairobi? Abdilatif Abdalla kafungwa miaka mitatu, kaandika mashairi jela kwa Kimvita kitupu, hiki Kiswahili chetu cha Mombasa, yakatoka kitabu 1973, Sauti ya Dhiki, na wewe watwambia hatuna vitabu. Nimeumia, wallahi, na naumia zaidi kwa kuwa wewe ni mtu wa hapa hapa.

Msomaji wa Tudor: Hayo ni mashairi ndugu yangu. Nimesema vitabu vya hadithi. Nitajie riwaya kumi za Kimvita hapa, nangoja.

Mama Makadara: Tutakutajia vipi na wazungu walishatukata 1930, wakakaa Zanzibar wakaamua Kiunguja ndio sanifu, mtoto wetu akiandika "ndia" badala ya "njia" mwalimu ampiga kalamu nyekundu. Mimi nilipigwa hiyo kalamu mpaka nikachukia kuandika. Mpaka leo barua yaniwia nzito.

Mzawa wa Kuze: 1928 mama, 1930 ni ile kamati ya lugha ilipoanza kazi. Na hawakukaa Zanzibar, walikaa hapa hapa Mombasa. Ndani ya mui wetu ndimo walimokataa lugha yetu.

Kuli Mstaafu, Likoni: Mimi nimefanya Kilindini miaka mingi na katika haya yote nimeshikwa na neno moja, kuli. Huyo bwana alibeba mizigo? Basi mwajua mgomo wa Mombasa ulikuwa Januari 1947 na huo wa reli yao ukaanza mwaka huo huo mwezi wa kumi? Wao wana riwaya. Sisi tuna nini? Wazee wanakufa na habari zao. Na Chege Kibachia aliyesimama mbele ya mgomo wetu hakuwa hata mtu wa pwani, mkisha kugombania Kimvita mkumbuke hilo.

Mzawa wa Kuze: Mzee heshima yako, hakuna aliyewatukana watu wa bara hapa.

Kuli Mstaafu, Likoni: Sijasema mmetukana. Nimesema mkumbuke.

Baba wa Kisauni: Naomba turudi kwa swali langu. Mwaona hii kalamu nyekundu ya mama, Sembène naye ilimpata. Filamu yake Ceddo ya 1977 serikali ya Rais Senghor wa Senegali iliizuia, na sababu iliyotolewa ni kwamba kaandika jina kwa d mbili badala ya moja! Akakataa kuitoa hiyo d. Mtu aliyeandika riwaya nzima kwa Kifaransa kasimama miaka kwa sababu ya herufi moja ya Kiwolofu.

Msomaji wa Tudor: D mbili haikuwa sababu ya kweli, kila mtu ajua, ni siasa na dini.

Mama Makadara: Hata kama! Kwangu mimi hiyo d yatosha kuwa sababu. Mwambie binti aandike "ndia". Asiulize mtu.

Msomaji wa Tudor: Na atakayenunua ni nani? Mwampenda mtoto wa watu lakini hamtamlisha. Mimi nimeandika miaka kumi na mbili kwa Kiswahili, sijawahi kulipwa hata ya matatu ya kwenda Nyali. Nasema Kiingereza kwa sababu hiyo, si kwa dharau.

Mzawa wa Kuze: Hilo ungelisema mwanzo tusingekosana.

Baba wa Kisauni: Binti kasoma yote haya. Asema hadithi aliyo nayo mkononi ni ya kuli wa 1947 na hajui kuli wa zamani alikuwa akisema vipi akiwa na hasira. Wazee wa Likoni mwaweza kumsaidia?

Kuli Mstaafu, Likoni: Aje Jumamosi baada ya laasiri, karibu na feri. Aje na daftari, na hicho chombo chake cha kupigia picha pia akilete.