Conques, Ufaransa: nusu siku nianzie wapi?

Wakuu, nitapita kijiji cha Conques kwa gari, nina nusu siku tu. Nianzie wapi?

— Mkuu, nenda alasiri. Mlango mkuu wa kanisa la Sainte-Foy umeelekea magharibi. Asubuhi mchongo wa Siku ya Hukumu ulio juu ya mlango huo huwa kivulini. Una sanamu 124. Kagua ukingo wa tao: kuna vichwa vidogo vinachungulia, vidole vimeng'ang'ania jiwe. Ajabu kabisa!

— Kanisa ni bure, hazina yake (mkusanyiko wa vitu vya thamani) ni kwa tiketi. Sanamu ya dhahabu ya Mtakatifu Foy iko huko kwenye hazina, wengi huikosa.

— Gari liache maegesho ya nje. Vichochoro ni vya mawe na mteremko mkali, mvua ikinyesha vinateleza. Vaa raba. Madirisha 104 ya kanisa, kazi ya mchoraji Soulages (1994), hayana rangi. Yatazame mwanga ukibadilika.