Ushauri: nina diploma ya famasi, natamani kwenda China kusomea tiba ya Kichina

Binti_wa_Ziwa: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 25, diploma ya famasi, nauza duka la dawa Mwanza mwaka wa tatu huu. Nilipokuwa Dar nilisoma Kichina jioni, Taasisi ya Confucius pale UDSM, nikafaulu HSK 2, ule mtihani wa Kichina, ngazi ya pili. Nawaza kuomba ufadhili wa serikali ya China nikasome shahada ya tiba ya Kichina, miaka mitano. Baba anasema nitarudi mganga mwenye vyeti. Niende, au nitafute digrii ya famasi hapahapa? Nipeni ukweli, msinionee huruma.

Mzee_Kahawa: Mganga mwenye vyeti 😂😂 Mshua kamaliza. Ngoja waliosoma waje.

Kaka_Guangzhou: Mdogo wangu, miaka mitano ni hesabu ya aliyekwisha kushika lugha. HSK 2 ni maneno 300 kwa orodha ya zamani. Vyuo vingi vinataka walau HSK 4, maneno 1,200. Weka mwaka mzima wa lugha tupu mbele yake. Na hata hiyo haitoshi. Mimi niliingia na HSK 4 yangu natamba, mwalimu akafungua Huangdi Neijing, kitabu cha tiba cha kama miaka 2,000, Kichina cha kale. Wachina wenyewe wamekodoa macho, sembuse mimi.

Toni nazo zitakuaibisha. Niliomba *tāng*, dawa iliyochemshwa, sauti ikanipanda, nikapewa peremende. Kupima mapigo? Vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, kila kimoja na mahali pake: cun, guan, chi. Miezi mingi nilisikia du-du-du tu. Lakini siku vidole vikikubali, hutasahau.

Mama_Dozi: Usiidharau hiyo diploma, mwanangu. Tu Youyou, yule mama wa China wa Nobeli ya 2015 kwa dawa ya malaria, alianza na famasi, tiba ya Kichina akasomeshwa baadaye. Alipokwama na mmea wa qinghao alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4: loweka, kamua, kunywa. Kuchemsha hakukutajwa. Ndipo akaacha moto mkali, akaikamua dawa kwa joto dogo. Hiyo ALu, dawa ya malaria unayouza kila siku, inatokana na huo mmea. Mstari mmoja tu, ila uwe unaweza kuusoma.

Bwana_Mihuri: Kabla ya kufunga begi: shahada hiyo haikufanyi MD, daktari wa hospitali, hapa nyumbani. Tiba hizi zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya 2002. Nenda kaulize utasajiliwa kama nani, na jibu ulipate kwa maandishi. Wengi huuliza wakisharudi.

Binti_wa_Ziwa: Asanteni sana. Hili la usajili sikuwa nimeliwaza kabisa. Na ufadhili ukinikosa?

Kaka_Guangzhou: Lugha usiiache. Madaktari wa Kichina wapo Zanzibar tangu 1964, bara tangu 1968, na mgonjwa wa kule hajui Kichina. Mkalimani anayejua dozi si sawa na yule wa kupatana bei Kariakoo. Digrii ya famasi nayo haikimbii.

Binti_wa_Ziwa: Basi naanza na HSK 3, nimeshajiandikisha. Baba bado sijamwambia.

Mzee_Kahawa: Mwambie ukishafaulu.