Kiuno kimekaza: niende kwa mtu wa kairopraktiki?

DerevaTunduma: Wakuu, habari zenu. Mwaka wa 11 huu naendesha lori Dar–Tunduma. Asubuhi siwezi kuinama kufunga kamba za viatu mpaka nishike ukuta. Turnboi wangu kanionyesha video ya kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono: mtu anageuzwa shingo, inalia "kwa!", anainuka anacheka. Ni salama? Inatibu kweli?

MamaMazoezi: Pole sana kaka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa maumivu ya kiuno, kunyooshwa kwa mikono kunasaidia kiasi, karibu sawa na mazoezi. Mlio ule ni gesi ndani ya maji ya kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake. Ila shingo, nakuomba, usimpe mtu. Kuigeuza kwa ghafla kumewahi kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, mgonjwa akapata kiharusi. Hutokea mara chache, lakini kwa kiuno kinachouma shingo inaguswa ya nini?

DerevaTunduma: Asante dada. Mguu wa kushoto nao unachoma mpaka kisiginoni.

MamaMazoezi: Basi anza na daktari akupime. Na ukihisi ganzi sehemu za siri, au mkojo ukagoma kutoka, nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri kukuche.

BabaWawili: Mkuu, na pochi itoe mfuko wa nyuma ukiwa kwenye usukani. Mimi niliikalia miaka, nyonga ikaniuma upande mmoja. Kila ukisimama mizani, shuka utembee kidogo.